Mzee asimame: juu ya wazee wetu na mkeka wa kambini

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi wote munaotusoma kutoka kambini au kutoka kwa familia zilizowapokea, leo sileti habari ya kikao wala ya barabara iliyofungwa. Nataka tuzungumze juu ya wazee wetu na namna tunavyowakalisha.

Ukipita katika kambi zilizo pembezoni mwa Bunia, Kigonze au kwingineko, saa nne za asubuhi, utawaona. Vijana wameingia mjini kutafuta kazi ya siku moja, kubeba mchanga, kupakua magari, kufua nguo za watu. Akina mama wenye nguvu wako kwenye robine, mabidoni yamepangwa mstari. Watoto wanakimbia kila upande. Na mbele ya bashi, juu ya mkeka au kipande cha gunia, mzee amekaa. Ukirudi saa nane utamkuta palepale, amesogea kidogo tu kufuata kivuli. Ukimuuliza mtu wa nyumba yake kama mzee ni mgonjwa, atakujibu kwa upole: "Hapana. Amefanya kazi ya kutosha. Tumuache apumzike."

Ni neno la heshima, na sisi tumelelewa nalo. Lakini katika miaka hii ninayozunguka na kinasa sauti nimeanza kuliogopa.

Wazee hawa hawakuzeeka wakiwa wamekaa. Wengi wametoka kwenye milima ya Djugu, ambako tangu mwisho wa mwaka 2017 watu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Kule, mama wa miaka 70 alikuwa na jembe mkononi kabla jua halijawa kali. Alishuka bondeni kuchota maji, akapanda nayo. Aliinama kupalilia maharagwe, akachuchumaa kupepeta, akasimama, akainama tena, mara ngapi kwa siku hakuna aliyehesabu. Siku ya soko alitembea na mzigo kichwani na kurudi na chumvi na sabuni. Hakuna aliyeita kitu hicho mazoezi. Mazoezi ni mambo ya vijana wenye mpira. Lakini mwili wake ulikuwa ukipata kila siku kile ambacho watu wa miji mikubwa wanakitafuta kwa pesa. Halafu usiku mmoja bunduki zinalia, na kesho yake mlima hauko, jembe haliko, soko haliko. Kinachobaki ni mkeka.

Tunajua kuhesabu vitu ambavyo vita vimetunyang'anya: watu, nyumba, ng'ombe, mashamba. Katika orodha zote za mahitaji nilizosoma hewani, sijakuta mahali palipoandikwa kwamba mzee amepoteza kilima chake.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliingia Bunia katikati ya mwaka 2019, wakati maelfu ya watu walikuwa wanakimbia Djugu. Umri wake hatuujui vizuri. Tukihesabu kwa kufuata watoto wake tunapata miaka 73 hivi kwa wakati ule. Alifika kwa miguu, siku tatu njiani, mjukuu mgongoni na sufuria kichwani. Alipokewa kwa kaka yangu mkubwa, na shemeji yetu akamtunza kama yai. Hakugusa ufagio. Hakuteka maji. Chakula kilimfikia alipokaa, maji ya kunawa yalimfikia alipokaa. Majirani walisifu sana nyumba ile, na kweli ilistahili sifa.

Baada ya miezi minane hivi, hakuweza kuinuka chooni.

Ninalisema wazi kwa sababu ndipo wazee wengi wanapogundua kwamba miguu imeisha, na kwa aibu hawamwambii mtu. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa. Shangazi alishuka, magoti yakakataa kumrudisha. Akaita, na mjukuu wake wa kiume wa miaka 12 akaenda kumvuta. Fikiria aibu ya mama mzima. Tangu siku ile akaanza kunywa maji kidogo ili asiende chooni mara nyingi, akapunguza na chakula kwa sababu ileile. Kwa kukosa maji akaanza kusikia kizunguzungu na kuumwa kichwa. Majirani walewale wakasema: basi, uzee umefika.

Mtu aliyetembea siku tatu na mtoto mgongoni, baada ya miezi minane uzee umefika? Uzee hauna mbio namna hiyo.

Kaka yangu alimpeleka kwenye kituo cha afya akifikiri ni baridi ya mifupa. Muuguzi alipima tansio, akapima sukari, akamshika magoti. Kisha akamwomba akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, na asimame bila kushika kitu. Shangazi alijaribu mara tatu, akashindwa mara tatu. Muuguzi alimpa vidonge vichache vya maumivu, na kwenye karatasi ya dawa akaandika kama vile anaandika dawa: kusimama na kukaa mara tano, asubuhi, adhuhuri na jioni. Mwanzoni akishika meza, baadaye bila kushika. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Shemeji aliikasirikia kidogo, alisema kwenda hospitali na kurudi na kazi ya kusimama si matibabu.

Mimi si daktari. Nimemaliza sekondari na masomo ya uandishi wa habari, basi nilifanya kile nilichofundishwa, nikaenda kutafuta na kuuliza. Nyama za mwili, yaani misuli, zinapungua kwa kila mtu kadiri miaka inavyopita, tajiri au maskini. Lakini kukaa na kulala kunazimaliza kwa haraka ya ajabu. Mwaka 2007 gazeti la madaktari wa Marekani liitwalo JAMA lilitoa utafiti ambamo wazee wenye afya nzuri, si wagonjwa, walikubali kulala kitandani siku 10. Siku 10 tu. Walipopimwa, walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama za miguu. Mkeka si kitanda, mzee wa mkeka anainuka mara mojamoja, lakini yeye anakaa miezi na miaka.

Kuna utafiti mwingine wa zamani zaidi, wa mwaka 1990, kutoka Boston. Wazee dhaifu wa karibu miaka 90, wanaoishi katika nyumba ya kutunzia wazee, walifanya mazoezi ya nguvu za miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka zaidi ya mara mbili, na wawili wakaacha fimbo walizokuwa wakitembelea. Yale yalikuwa mazoezi mazito yenye vyuma na wasimamizi, siyo ya kujaribu kambini. Ninayataja tu ili tuache kusema kwamba mwili wa mzee umekwisha kufunga duka. Hata kwa miaka 90, ukiuomba kitu, unaitikia.

Shirika la Afya Duniani, OMS kama tunavyoliita hapa, lilitoa mashauri yake mwaka 2020. Kwa mtu wa miaka 65 na zaidi linasema atembee au afanye kazi ya kumtoa jasho kidogo kwa dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Na mazoezi ya kusimama imara, ya kuzuia kuanguka, siku tatu au zaidi. Usitishwe na hesabu hiyo. Dakika 150 kwa wiki ni kama dakika 20 na kitu kwa siku, na unaweza kuzigawa vipandevipande. Shirika hilohilo linasema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Faida zake si za miguu peke yake. Mzee anayetembea kila siku, tansio yake inatulia vizuri zaidi, sukari yake pia. Analala usiku. Magoti yanayouma, ambayo wengi wanayafungia kitambaa na kuyaficha chini ya kitenge, maumivu yake yanapungua yakizoeshwa taratibu, wakati kuyaacha yakae kunayafanya yawe magumu zaidi. Na mawazo! Mtu aliyepoteza watoto na nyumba, ukimwacha peke yake akitazama ardhi kutwa nzima, mawazo yanamla. Akiwa katikati ya wenzake, akinyoosha mikono na kucheka mwenzake anayeyumba, mawazo hayaishi, lakini yanampa nafasi ya kupumua.

Halafu kuna kuanguka. OMS inahesabu kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wengi wa hao ni wenye miaka zaidi ya 60. Sasa tazama kambi zetu: kamba za bashi zimevutwa kila njia, mifereji ya mvua, mawe, matope, usiku bila taa, na choo kiko mbali. Mzee akivunjika nyonga hapa, operesheni ni jambo la mbali na la pesa nyingi. Mguu wenye nguvu ndio unaomshika mtu akijikwaa.

Siku tulipozungumza jambo hili hewani, baba mmoja alipiga simu kutoka kambini akiwa amekasirika. Alisema: "Wewe mwandishi umekula asubuhi. Mama yangu anakula mara moja kwa siku, na siku nyingine hakuna. Ndiye unamwambia arukeruke?"

Nilimwacha aseme mpaka mwisho, kwa sababu ana haki. Hakuna zoezi linaloshika nafasi ya chakula. Nyama za mwili zinajengwa na maharagwe, karanga, samaki wadogo wa Ziwa Albert, yai likipatikana. Na sote tunajua kinachotokea sahani inapofika: koko anaonja mara mbili, kisha anasukuma sahani kwa wajukuu na kusema ameshiba. Wanaogawa msaada wanaposema familia ya watu sita, waulize nani kati ya hao sita anakula wa mwisho. Hilo nililisema hewani na ninalirudia hapa.

Lakini nilimwambia pia yule baba kwamba mama yake analiwa na vitu viwili, njaa na mkeka. Njaa inangojea gari la msaada, au amani, au shamba. Mkeka haungojei mtu. Na hatusemi kuruka. Kusimama na kukaa mara tano hakumalizi nguvu ya mtu aliyekula hata kidogo. Kufanywe baada ya chakula, siyo kabla. Siku ya kulala njaa kabisa, siku ya homa, siku ya kuharisha, mzee apumzike bila kusutwa. Sijui kama alikubali. Yuniti zake ziliisha katikati ya maneno na simu ikakatika.

Sasa mazoezi yenyewe, kama muuguzi alivyomwonyesha shangazi na kama tulivyoona akina mama wa kambini wakiyafanya. Asubuhi, kabla ya kuinuka, mzee akiwa bado amelala azungushe vifundo vya miguu, akunje na kunyoosha magoti moja baada ya lingine, ili damu itembee na asisimame ghafla. Akikaa pembeni ya kitanda au kwenye kigoda, angojee kidogo. Wengi wanaanguka dakika ile ya kwanza.

La pili ndilo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, na kama mzee atafanya moja tu, afanye hilo: kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena polepole. Polepole hasa wakati wa kukaa, asijitupe. Mara tano, kisha baada ya wiki mara nane, kisha kumi. Asizuie pumzi, hasa mwenye tansio. Ahesabu kwa sauti na pumzi itatoka yenyewe. Kiti kikiwa kirefu ni rahisi, kikishuka ni kigumu. Basi anaanza na kirefu.

Kisha ashike nguzo au ukuta, ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka, mara kumi. Akiwa bado ameshika, ainue mguu mmoja na kuhesabu mpaka kumi, abadilishe. Chupa ndogo mbili zilizojazwa mchanga zinatosha kwa mikono: kuzipandisha mpaka mabegani na kuzishusha. Na kutembea. Kipimo cha mwendo ni mdomo: akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, mwendo ni mzuri. Akishindwa kuzungumza, amezidisha.

Akisikia maumivu ya kifua, pumzi kumbana asivyozoea, au kizunguzungu, aache, akae, na apelekwe kwenye kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kupooza upande mmoja, aulize muuguzi kabla ya kuanza. Mwenye sukari asitembee miguu mitupu, na jioni mjukuu amtazame nyayo, maana kidonda chake kinaweza kuanza bila kuuma. Na musimwinue mzee kwa kumvuta mkono. Mumpe kitu imara cha kushika, ainuke mwenyewe huku munamkaribia.

Nimeona akina mama wanakubali haraka. Wanakutana kumi, kumi na mbili, wanapiga makofi, wanaimba wimbo wa kanisani na kuugeuza kuwa wa mazoezi. Wazee wa kiume ni kesi nyingine. Wanasimama mbali, wanasema ni michezo ya watoto. Sisi wanaume tunapenda kufa na heshima yetu. Kwao nimeona mambo mawili yanafaa: kila mmoja abebe kiti chake mwenyewe kwenda kwenye kikao, na kikao kiwekwe upande wa pili wa kambi. Nasikia Afrika ya Kusini, huko Limpopo, akina bibi wana timu ya mpira iitwayo Vakhegula Vakhegula. Nilipowaambia wazee wetu habari hiyo walicheka sana, lakini mmoja aliuliza kama wanaume wanakubaliwa.

Wengine hawatafanya mazoezi kwa jina la mazoezi, na si lazima. Mpe kazi. Bidoni ya lita tano siyo ya ishirini. Mzee akiijaza nusu na kuileta, ameleta maji na ameleta miguu yake. Awasindikize wadogo shuleni. Achambue sombe akiwa amesimama mezani. Bustani ya gunia mlangoni, yenye mchicha na vitunguu, inamfanya ainame na kuinuka, na inamrudishia jembe lake, hata kama ni dogo kama kijiko. Shangazi yangu aliweza kuinuka chooni akishika ukuta baada ya wiki sita. Baada ya miezi kama minne alidai ufagio, na shemeji yetu akaona aibu mbele ya majirani, mpaka kaka akaingilia kati. Leo ana magunia matatu ya mboga. Magoti bado yanauma wakati wa mvua.

Kuna sababu nyingine, ambayo hatupendi kuizungumza. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya Plaine Savo katika Djugu ilishambuliwa, na watu karibu 60 waliuawa mahali walipokimbilia ili wapone. Hakuna zoezi linaloshinda panga, na kazi ya kulinda kambi si ya mzee wa miaka 75, ni ya wenye serikali na wenye bunduki za kulinda. Ninataka hilo lieleweke vizuri. Lakini katika kila mbio nilizoandika habari zake, siku ya pili nasikia maneno yaleyale: mzee alibaki. Alisema endeni, mimi nitawachelewesha. Mwaka 2019 shangazi yangu alitembea siku tatu na ndiyo sababu yuko hai, yeye na mjukuu yule. Katika mwezi ule wa nane wa mkeka asingefika hata kwenye robine.

Sisi kwenye redio tunaanza wiki ijayo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, baada ya matangazo ya vifo, kutakuwa na dakika kumi za muziki wa polepole na muuguzi akitaja zoezi moja baada ya jingine, kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Pale ambapo betri ni shida, wakubwa wa bloku wanaweza kukusanya wazee kumi kwenye redio moja. Kila mzee aje baada ya kuonja kitu, na viatu vilivyofungwa, siyo sandali za kuteleza. Viti vya plastiki viegemezwe ukutani au kwenye nguzo, na vile ambavyo mguu umepasuka vibaki nyumbani.